Paka Anasingiziwa?

Tuseme unakaa Maswa, pale Nyalikungu mjini, au huko Malampaka kwenye stesheni ya reli. Dada yako mkubwa amerudi nyumbani kujifungulia kwa mama, maana ndiyo mimba yake ya kwanza. Ana miezi minne. Siku ya pili tu jirani anaingia kusalimia, anamkuta paka amelala juu ya gunia la mahindi. Anashika kiuno. "Jamani, mtoeni huyo paka! Mjamzito hakai nyumba moja na paka. Mtoto atazaliwa na kichwa kikubwa."

Mama anasita, kwa sababu bila paka panya watamaliza mahindi. Bibi ananung'unika, paka ni wake. Dada analia. Na wewe, kwa kuwa ndiye unayesoma sekondari, wote wanakugeukia: "Haya msomi, shuleni wanasemaje?"

Shuleni pengine hawajasema kitu. Basi sisi tuseme, ili siku ikifika usibaki kutazama chini.

Jirani ana sehemu ya ukweli. Upo ugonjwa unaopita kwa paka na unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Unaitwa toksoplazmosisi. Lakini jirani amekosea mahali pakubwa: paka kulala juu ya gunia siyo hatari. Hatari iko sehemu nyingine, na mojawapo ni kwenye mshikaki ambao yeye mwenyewe atamletea dada siku ya mnada, kwa upendo kabisa.

Ndugu yake malaria

Unakumbuka Plasmodiamu kwenye baiolojia, kile kimelea cha malaria? Toksoplazma ni wa ukoo huo huo. Ni kimelea chenye seli moja, kidogo kiasi kwamba huwezi kukiona bila hadubini. Kama ambavyo kimelea cha malaria kinahitaji mbu jike aina ya anofelesi ili kikamilishe uzazi wake, toksoplazma anahitaji paka. Ndani ya utumbo wa paka, na wa wanyama wengine wa jamii ya paka tu, ndimo kinamozaana kwa jinsi mbili na kutengeneza kitu kama mayai madogo sana. Sisi hapa tutayaita mayai ili tuelewane. Hayo hutoka na kinyesi cha paka.

Ninaposema jamii ya paka simaanishi paka wa nyumbani peke yake. Watu wa Maswa wanaijua Serengeti, si mbali. Simba, chui, duma, mondo, wote wako kwenye ukoo huo. Wanyama wengine wote wenye damu ya moto, yaani mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, panya, fisi na wewe hapo unayesoma, ni nyumba za kupanga tu. Kimelea kinaingia, kinajificha kwenye misuli na ubongo ndani ya vifuko vidogo, kinangoja. Kinangoja nini? Kinangoja huyo mwenye nyumba aliwe na paka.

Na hakingoji kivivu. Mwaka 2000 watafiti wa Oxford, Uingereza, walionyesha kuwa panya wenye toksoplazma wanapoteza ile hofu ya asili ya harufu ya paka. Mwaka 2021 watafiti waliofuatilia fisi kwa miaka mingi kule Maasai Mara, Kenya, waliandika kwamba watoto wa fisi wenye maambukizi husogea karibu zaidi na simba kuliko wenzao, na huuawa na simba mara nyingi zaidi. We acha tu. Mdudu asiyeonekana anampeleka fisi mdomoni mwa simba!

Waliokigundua walikuwa hapa hapa Afrika. Mwaka 1908, mjini Tunis, Charles Nicolle na mwenzake Louis Manceaux walikikuta kwenye mnyama mdogo wa jangwani anayefanana na panya, anaitwa gundi. Mwaka huo huo Alfonso Splendore alikikuta kwenye sungura kule Brazil. Lakini hakuna aliyejua kwamba kina uhusiano na watoto wachanga. Hilo lilikuja kujulikana New York. Mwaka 1938 alizaliwa mtoto wa kike aliyeonekana mzima. Siku ya tatu akaanza degedege. Baada ya mwezi mmoja akafariki. Madaktari watatu, Wolf, Cowen na Paige, waliuchunguza ubongo na macho yake, wakakiona kimelea, na mwaka 1939 wakatangaza kwamba mtoto yule aliambukizwa kabla ya kuzaliwa. Kumbe mama anaweza kumpa mtoto toksoplazma kupitia kondo la nyuma, na mama mwenyewe asijue kwamba aliugua.

Mwaka 1948 kikapatikana kipimo cha damu cha kwanza cha kuaminika. Mmoja wa waliokitengeneza alikuwa Albert Sabin, yule yule ambaye baadaye alitengeneza matone ya polio uliyodondoshewa mdomoni ulipokuwa mtoto. Ila habari ya paka ilichelewa kweli kweli. Mpaka mwaka 1970 hivi ndipo wanasayansi walipothibitisha kwamba mayai yanatengenezwa kwenye utumbo wa paka. Zaidi ya miaka 60 tangu Tunis!

Kinaingiaje mwilini?

Hapa soma polepole, kwa sababu ndipo jirani alipopotea.

Njia ya kwanza ni nyama ambayo haijaiva. Mbuzi akila majani yenye mayai ya toksoplazma, vimelea hukaa kwenye misuli yake, na misuli ndiyo nyama. Kondoo hivyo hivyo, nguruwe hivyo hivyo, kuku wa kienyeji anayedonoa chini siku nzima hivyo hivyo. Ng'ombe naye anaweza, ingawa mara nyingi huwa nacho kwa uchache kuliko hao. Ukila nyama iliyoiva sawasawa, vimelea vimekufa, huna shida. Ukila mshikaki uliobabuka nje na ndani bado una damu, umewakaribisha.

Kwamba nyama mbichi ni njia hasa, lilionekana Paris mwaka 1965. Kulikuwa na kituo cha watoto wagonjwa ambako nyama isiyoiva ilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Mtafiti Desmonts na wenzake waliona watoto wale wanaambukizwa kwa kasi kubwa. Wakaongeza nyama ya kondoo iliyopitishwa tu kwenye moto, na kasi ikapanda zaidi. Leo utafiti wa namna hiyo juu ya watoto usingeruhusiwa, na ni vizuri usiruhusiwe. Ila jibu lake limebaki.

Njia ya pili ni udongo wenye kinyesi cha paka. Paka ni mnyama msafi kwa namna yake, akijisaidia anafukia. Anapenda udongo laini: bustani ya mchicha, mchanga uliomwagwa kwa ajili ya ujenzi, majivu, chini ya mwembe wanapochezea watoto. Paka anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, kwa kawaida akiwa bado mdogo na ameanza kukamata panya, hutoa mayai kwa muda wa wiki moja mpaka tatu hivi. Baada ya hapo mwili wake hujenga kinga, na ni nadra kutoa tena. Lakini katika wiki hizo chache anaweza kutoa mamilioni. Na mayai hayo yakipata unyevu na kivuli hukaa ardhini hai kwa mwaka na zaidi.

Sasa sikiliza kitu ambacho watu wengi hawakijui. Mayai yakitoka tu kwenye tumbo la paka hayaambukizi. Yanahitaji siku moja mpaka tano kukomaa. Kwa hiyo kinyesi cha leo kikiondolewa leo, hakijawa na sumu. Cha wiki iliyopita, kilichokauka na kuchanganyika na udongo kiasi kwamba hukioni tena, ndicho cha kuogopa. Ndiyo maana kumpakata paka si tatizo kubwa: manyoya yake anayalamba kila saa, mayai hayapati muda wa kukomaa pale. Mwanamke anaweza kukaa na paka miaka 10 asiambukizwe. Mwingine hajawahi kufuga paka, anaambukizwa kwa kupalilia mboga, akapiga miayo, akafuta mdomo kwa mkono.

Na hapa hatuwezi kuacha kutaja udongo wa kula. Tusijifanye hatujui. Wajawazito wengi kwetu wana hamu ya udongo, vile vitofali vinavyouzwa sokoni, wengine wanaviita pemba, au hata udongo wa kichuguu na wa ukuta. Hamu yenyewe si ujinga, huwapata wajawazito katika nchi nyingi, na mara nyingine huendana na upungufu wa damu. Lakini udongo ukishatoka ardhini hakuna anayejua paka gani alipita pale, achilia mbali minyoo. Dada akikuambia anatamani udongo usimcheke. Mwambie akalitaje hilo kliniki, apimwe damu.

Njia ya tatu ni maji. Mwaka 1995 mji wa Victoria huko Kanada ulipata mlipuko wa toksoplazmosisi, na watu 100 walithibitishwa kuwa wagonjwa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye bwawa moja la maji ya mji, ambalo kingo zake zilitembelewa na paka wa porini na wa nyumbani. Maji yale yalikuwa yanatiwa klorini! Klorini inaua vijidudu vya kipindupindu, na kwa hilo tuishukuru, lakini haiui mayai ya toksoplazma. Moto ndio unaoyaua. Kwa mtu anayechota lamboni, mahali ambapo ng'ombe wanakunywa na mvua inaosha uchafu wote wa mabondeni kuuingiza humo, kuchemsha maji ya kunywa ya mjamzito si mbwembwe.

Mboga zinazoliwa mbichi, kachumbari, matango, maembe yaliyookotwa chini, vyote hivi vinaingia kwenye njia hizo hizo, kwa sababu vimeguswa na udongo au vimeoshwa kwa maji machafu. Maziwa ya mbuzi yasiyochemshwa nayo yametajwa. Huwezi kuambukizwa kwa kushikana mkono na mgonjwa, wala kula naye sahani moja, wala mtoto hapati kwa kunyonya.

Hesabu ya mimba

Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi hajui. Wachache wanapata homa kidogo, uchovu, tezi kuvimba shingoni. Huku kwetu atasema "nina malaria" au "nina mafua", atameza dawa, baada ya siku kadhaa yuko shambani. Kinga ya mwili inakuwa imekikamata kimelea na kukifungia kwenye vifuko, na hukaa humo maisha yote bila fujo.

Kutokana na hilo, swali kubwa kwa mjamzito siyo "una toksoplazma au huna?" Swali ni "umeipata lini?" Mwanamke aliyeambukizwa zamani, tuseme akiwa darasa la tano, ana kinga. Kinga hiyo humlinda pia mtoto. Hatari iko kwa mwanamke ambaye hajawahi kuambukizwa, halafu akakutana na kimelea kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, au muda mfupi tu kabla ya kushika mimba. Hapo mwili wake bado haujajiandaa, vimelea vinazunguka kwenye damu, na vinaweza kuvuka kondo la nyuma kumfikia mtoto.

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, uliokusanya takwimu za wajawazito wa nchi mbalimbali, ulipata hivi: mama akiambukizwa mimba ikiwa na wiki 13, uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni kama asilimia 15. Wiki ya 26, asilimia 44. Wiki ya 36, asilimia 71. Kwa hiyo kadiri mimba inavyokua ndivyo mlango unavyozidi kufunguka. Lakini usikimbilie kusema kwamba mwisho wa mimba ndio wakati mbaya kuliko wote. Madhara yanaenda kinyume. Mtoto anayeambukizwa mapema, wakati ubongo na macho vinaumbwa, ndiye anayeumia vibaya zaidi: mimba inaweza kuharibika, anaweza kuzaliwa mfu, au akazaliwa na maji kichwani, makovu kwenye ubongo, degedege. Anayeambukizwa mwishoni mara nyingi huzaliwa anaonekana mzima kabisa. Analia, ananyonya, watu wanasherehekea.

Kumbe kwenye jicho kuna kitu. Toksoplazma hupenda retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kidonda pale kinaweza kuamka mtoto akiwa na miaka 3, au 10, au akiwa kidato cha pili kama wewe. Mwanafunzi anaanza kuona ukungu kwenye jicho moja, anakaa dawati la mbele bado haoni ubao, mwalimu anasema ni mvivu. Si kila ukungu wa jicho ni toksoplazma, hata kidogo. Ila kila ukungu wa jicho ni wa kupelekwa hospitali, na usikubali mtu akutie majani ya dawa jichoni.

Duniani kote inakadiriwa kuwa watoto wapatao 190,000 kwa mwaka huzaliwa wakiwa wameambukizwa. Je, kwetu? Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Mwanza, jirani zetu kabisa, ambako watu wa Maswa hukimbilia Bugando mambo yakiwa mazito. Walipimwa wajawazito 350 waliohudhuria kliniki. Karibu 31 katika kila 100 walikuwa na dalili kwenye damu kwamba wameshawahi kukutana na toksoplazma. Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulipata kama 35 katika kila 100.

Watu wakisikia hivyo wanashtuka, "theluthi nzima ni wagonjwa!" Hapana. Hao wengi wao ndio wenye kinga. Wa kuangaliwa ni wale wengine, karibu 70 katika kila 100, ambao hawajawahi kukutana nacho. Nao hawajijui.

Kichwa kikubwa na maneno makubwa

Turudi kwa jirani na neno lake la kichwa kikubwa. Ni kweli toksoplazma inaweza kuziba njia za maji ya ubongo, maji yakajaa na kichwa kikavimba. Lakini vichwa vikubwa vya watoto wachanga vina sababu nyingi. Wapo wanaozaliwa na njia ya maji imeziba, wapo wanaopata baada ya homa ya uti wa mgongo, wapo wenye mgongo wazi. Huwezi kumtazama mtoto barabarani ukasema "huyu ni paka". Hata daktari haamui bila vipimo.

Tunalisema hili kwa sababu maneno ya namna hii yanaua heshima za watu, na mara nyingine yanaua watu. Mtoto akizaliwa na kasoro, wa kwanza kulaumiwa ni mama yake: alikula nini, alitembea wapi, ana laana gani. Wa pili ni bibi kizee jirani, hasa kama ana macho mekundu na anafuga paka. Usukumani tunajua mambo hayo yamefika wapi, vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu ni ya moshi wa kuni na wa samadi aliopikia miaka 50. Na paka wake anakamata panya.

Mtoto mwenye kichwa kikubwa anatibika kwa upasuaji, maji yanapunguzwa. Hufanyika Bugando na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, miongoni mwa sehemu nyingine. Kinachowaharibia wengi ni kuchelewa. Familia inazunguka kwa waganga miezi sita huku ubongo unabanwa. Kichwa kikikua haraka kuliko mwili, utosi ukivimba, macho yakielekea chini kama jua linalozama, ni hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuanzia hospitali ya wilaya.

Sasa nyumbani tufanyeje?

Paka abaki. Kumfukuza hakusaidii sana, na panya nao wana magonjwa yao. Kinachobadilika ni nani anafanya nini, na hapo, kaka, tunakutazama wewe. Kazi ya kuondoa kinyesi cha paka siyo ya dada kwa miezi hii tisa. Chota kila siku kwa koleo, kabla mayai hayajakomaa, tupa chooni au fukia mbali na kisima na bustani, kisha nawa kwa sabuni. Usimpe paka nyama mbichi wala utumbo mbichi, mpe ugali na mabaki yaliyopikwa. Mchanga wa ujenzi ufunikeni. Ndoo na mitungi ya maji iwe na vifuniko.

Kama dada lazima apalilie, na kwa kweli mvua zikianza Maswa hakuna anayekaa, avae viatu, asile shambani kabla ya kunawa kwa sabuni, asafishe na kucha. Glavu ni nzuri zikipatikana. Wengi hawana, wanaweza kutumia mifuko ya nailoni mikononi wakati wa kung'oa mchicha.

Kwenye nyama hakuna kubembelezana. Kimelea hufa nyama ikifika nyuzi joto 67 ndani kabisa. Nani ana kipimajoto jikoni? Basi tazama rangi: kata kipande kinene katikati, kama kuna wekundu au maji ya damu karibu na mfupa, irudishe motoni. Nyama ya mchuzi iliyochemka vizuri haina wasiwasi. Nyama choma, mishikaki na kitimoto ndivyo vya kuangalia, maana mchomaji ana haraka na wateja wamesimama. Mjamzito hapaswi kuona haya kumwambia, "Kaka, yangu ikaushe." Pia kisu na ubao uliokatia nyama mbichi usikatie kachumbari kabla ya kuvioshwa kwa sabuni na maji ya moto. Na yule anayeonja nyama mbichi kidogo kuangalia chumvi, aache.

Kliniki waulize nini?

Tuseme wazi ili usimdanganye dada: kipimo cha toksoplazma si sehemu ya vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito hapa Tanzania, tofauti na vile vya Virusi vya Ukimwi, kaswende, malaria na wingi wa damu. Ufaransa, tangu mwaka 1992, mjamzito asiye na kinga hupimwa kila mwezi. Sisi hatujafika huko, na zahanati ya kijijini haina kipimo hicho. Kinapatikana kwenye hospitali kubwa na maabara za mjini. Kipimo hutazama aina mbili za kinga kwenye damu, moja ya zamani na moja ya karibuni, na majibu yake yanahitaji daktari ayasome, kwa sababu ile ya karibuni inaweza kubaki kwenye damu miezi mingi na kumtisha mtu bure.

Wa kuomba kipimo hasa ni nani? Aliyepoteza mimba na sababu haijulikani, aliyepata homa na tezi za shingoni akiwa mjamzito na malaria haikuonekana, ambaye kipimo cha picha kimeonyesha maji kwenye kichwa cha mtoto, na anayeishi na Virusi vya Ukimwi. Huyu wa mwisho ana sababu ya ziada: kinga ikishuka sana, toksoplazma ya zamani iliyolala inaweza kuamka na kushambulia ubongo. Dawa za kupunguza makali ya virusi zikimezwa bila kuruka hulinda kinga isishuke, na kotrimoksazoli, tunayoijua kama septrini, inayotolewa kliniki huzuia kimelea hiki pia.

Dawa zipo. Mama aliyeambukizwa karibuni hupewa spiramaisini ili kupunguza uwezekano wa kimelea kumfikia mtoto. Kama mtoto tayari ameambukizwa, hutumika pairimethamini na salfadiazini pamoja na vitamini maalumu ya kulinda damu, na mtoto akizaliwa anaendelea na dawa kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka mzima. Hizi si dawa za kununua duka la dawa kwa kubahatisha. Wajanja fulani watasema, "Si SP ya malaria ina pairimethamini ndani? Nameza zaidi." Usijaribu. Dozi ya SP kliniki ni ya malaria, imepangiwa umri wa mimba, haihesabiwi kuwa tiba ya toksoplazma.

Kwa hiyo mpeleke dada kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane. Aseme kila kitu: homa aliyopata mwezi wa pili, udongo anaokula, mimba iliyotoka kabla ya hii kama ipo, hata kama nyumbani hawakuambiwa. Muuguzi hatatangaza. Na mtoto akishazaliwa, asiache kumpeleka kupimwa uzito kila mwezi. Huko aombe kichwa nacho kipimwe kwa utepe, na kama mtoto hafuati kwa macho uso wa mama yake akiwa na miezi mitatu, aseme siku hiyo hiyo, asisubiri chanjo ijayo.